Maua Yanywe, Mbu Wasizaliane

Katika nyumba nyingi za Nyasho maua yanapendwa. Yamo kwenye makopo ya rangi barazani, yamo kwenye vyungu sebuleni. Siku hizi vipo pia vyungu vinavyojimwagilia vyenyewe. Chini huwa na maji, juu udongo, na katikati utambi wa pamba. Maji hupanda polepole kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Mama akienda Bunda kwa siku nne, hurudi akakuta ua halijanyauka. Tena maji hayamwagiki ovyo, jambo la maana kwa anayenunua maji kwa ndoo.

Sisi tunaviunga mkono vyungu hivyo, ila kwa sharti moja: maji yake yafunikwe. Maji yaliyotuama wazi ndani ya nyumba ni kitalu cha mbu. Hata kisahani kinachowekwa chini ya chungu cha kawaida ni vivyo hivyo.

Mbu tunayemsema si yule wa malaria. Huyu huitwa Aedes, ni mweusi mwenye madoa meupe mwilini na miguuni, na hupenda kuzaliana kwenye vyombo vya nyumbani. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, iliyowapata watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Nasi tusijione tuko mbali. Mgonjwa akipanda basi Dar es Salaam, kesho yake yuko Musoma, na mbu wa aina hiyo akimuuma ataweza baadaye kuwaambukiza wengine.

Wapo wasemao dawa ni kutupa maua yote. Hatukubaliani nao. Ua halina kosa, kosa ni la maji yaliyo wazi. Ukitupa ua ukaacha pipa bila kifuniko na tairi kuukuu uani, hujafanya kitu.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, tundu la kujazia maji lizibwe kwa kizibo au kitambaa kilichofungwa vizuri. Pili, mara moja kila wiki maji yote yamwagwe kwenye udongo mkavu, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10. Tatu, chombo kisuguliwe kwa brashi ndipo kijazwe tena. Mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo, nayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Kumwaga bila kusugua ni kazi nusu.

Mtoto akipata homa, kichwa kikamuuma, na macho na viungo vikamsumbua, apelekwe zahanati akapimwe. Kipimo kikionyesha hana malaria, msimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Asprini asipewe, maana dengi huweza kuleta kutokwa damu na asprini huzidisha hatari hiyo. Akitokwa damu, akitapika mfululizo au tumbo likimuuma sana, awahishwe hospitali.

Dengi haina dawa ya kuua virusi vyake. Kwa hiyo kizibo kidogo cha chungu na brashi ya kila wiki ni kinga ambayo kila familia inaimudu. Tuanze wiki hii.