Kiti cha Dirishani: Kushoto au Kulia?

Kurasa za kuchagulia viti vya ndege hukuonyesha dirisha lilipo, lakini hazikuambii utaona nini. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi nusu, maana data ipo: njia, saa na mahali pa bawa.

Chukua Nairobi hadi London. Ndege huelekea kaskazini, ikipinda kidogo magharibi. Ukiondoka asubuhi, jua liko kulia, nalo litakupiga machoni. Kaa kushoto upate Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru. Mlima Kenya utaukosa, uko kulia. Ukiruka usiku, geuza: kulia ndiko kunakopambazuka. Tena upepo wa magharibi ukivuma, ndege hutua Heathrow ikitokea mashariki, na aliye kulia huona mto Thames na katikati ya jiji.

Chagua safu za mbele ya bawa. Nyuma yake, hewa moto ya injini huifanya mandhari itetemeke.

Ila usiamini mstari ulionyooka wa ramani. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, ndege nyingi zililazimika kuzunguka. Programu nzuri itasoma kwanza njia zilizopitwa wiki iliyotangulia. Waandishi wa programu wenzangu, nani anaianza?