Maneno yetu yasiondoke kama madini

Kuko jina moja ambalo wazee wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hawahitaji kuelezwa: Mufwankolo. Jina lake la nyumbani ni Odilon Kyembe Kaswili. Kwa miaka mingi aliongoza kundi la waigizaji la Lubumbashi, mu radio kwanza, kisha mu televizyo. Siku ya mchezo wake, mwenye poste alipokea majirani wote, na batoto walikaa chini.

Sisi tunataka vijana wetu wajue kwa nini.

Mufwankolo na wenzake hawakucheza kwa kusoma karatasi. Walikaa pamoja, wakapatana habari ya mchezo: nani ni bwana, nani ni bibi, nani ni mkubwa wa kazi. Kisha kila mmoja alitafuta maneno yake mwenyewe hapo hapo. Na yalikuwa maneno ya kwetu: Kiswahili cha cité na cha kampi, chenye Kifaransa ndani yake, hapana kile cha shule. Mfanyakazi aliyetoka ku kazi na mavumbi ya carrière alisikia ugomvi wa nyumbani kwake: mshahara ulioishia ku pombe, bukari iliyokosa mboga, shemeji aliyekuja siku mbili akakaa miezi sita. Alicheka, na bibi yake akamwangalia kwa pembeni. Bote wawili walielewa.

Tena hawakucheza habari za nyumbani peke yake. Mu 1986, wakati wa Mobutu, mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza maana ya methali moja: « Le pouvoir se mange entier ». Yeye aliisikia siku alipopewa firigisi ya kuku, ile nyama ya mgeni wa heshima, akataka kuigawanya na wenzake. Wakamkatalia: utawala unakuliwa muzima. Mufwankolo na kundi lake hawakumjibu kwa maelezo. Walitengeneza mchezo mzima, wenye chifu, kijiji na fujo yake. Kuzungumza juu ya utawala mbele ya batu, wakati ule, haikuwa kitu kidogo.

Leo, kijana wa Musonoi au Kasulo akitaka kusoma maneno ya kundi hilo, atayapata wapi? Mu 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walitoa kitabu *Le Groupe Mufwankolo* kule Vienna, mu Autriche. Mu 1990 Fabian alitoa kitabu chake juu ya mchezo wa 1986 kule Wisconsin, Marekani. Hatuwalaumu hata kidogo. Bila wao, sehemu kubwa ya kazi hiyo ingepotea na hewa. Tunawashukuru.

Lakini sisi batu wa Lualaba tunaijua hii njia. Madini yanatoka kwetu mu magunia na mu malori, yanapita Kasumbalesa, yanasafishwa mbali, na sisi tunanunua simu kwa bei ya wengine. Sasa maneno nayo yafuate njia hiyo? Kicheko cha baba zetu kikuwe kitu cha kusomwa mu Kiingereza, mu maktaba ambayo mtoto wetu hana visa ya kuingia?

Kuna watakaosema: « Hatuna maji ya kutosha, umeme unakatika, bacreuseur wanafunikwa na udongo, na ninyi mnatuletea habari ya bachekeshaji? » Wana haki ya kuuliza. Maji yanakuja mbele, na usalama wa mtu chini ya shimo unakuja mbele ya vyote. Lakini hatuombi pesa ya kisima. Code minier ya 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kutoa angalau 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii, na cahier des charges inazungumzwa pamoja na wenyeji. Tunaomba kwamba, visima, shule na dispensaire vikishaandikwa, uandikwe pia mstari mmoja: chumba cha kutunza sauti na picha za kwetu, na mashine ya kuhamisha kaseti za zamani kabla haziharibike. Karibu na bei ya lori moja la madini, hiyo ni kitu gani?

Na serikali ya jimbo iulize vituo vya radio na televizyo: kanda za zamani ziko wapi, na ziko mu hali gani? Waigizaji wa leo, wanaocheza mbele ya simu mu Dilala na Manika, nao wanaangalia. Wakiona kazi ya mkubwa wao haina mlinzi, watajua yao itakuwa namna gani.

Kwa sasa, bababa na bamama, tufanye ile tunayoweza wenyewe. Fungueni masanduku. Kama kuko kaseti ya Mufwankolo chini ya nguo za zamani, musiitupe, na musiandike wimbo mwingine juu yake. Na jioni, kama mzee wa nyumba angali na nguvu ya kuelezea, mumuombe awachezee sehemu moja. Mutoto mmoja ashike simu na kurekodi.