Tusinunue Uziwi kwa Bei ya Chee

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Apitaye katika soko na stendi ya mabasi ya Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ataona ukweli wa usemi huo. Wachuuzi huzunguka dirisha hata dirisha wametundika mikononi mafungu ya hedifoni, vile visikilizio vinavyochomekwa kwenye simu na redio ndogo za kadi. Bei ni ya chee, rangi zinavutia, na juu ya vifuko yameandikwa majina ya watengenezaji mashuhuri wa dunia, mengine yakiwa yamekosewa hata herufi. Bidhaa za namna hiyo hiyo hupakiwa Mwanza zikavuka ziwa hadi Nansio na visiwa vya jirani. Kwa hiyo neno letu la leo ni kwa wananchi wa Simiyu, kwa ndugu zetu wa visiwani, na kwa viongozi wa Serikali waliopewa dhamana ya kuwalinda wote hao.

Hatuna ugomvi na muziki. Wasukuma ni watu wa ngoma, na mashindano ya Wagika na Wagalu yamekuwa fahari ya nchi hii tangu enzi za mababu. Kijana anayechunga ng'ombe Meatu, au anayerejea kutoka kuvua Busega, ana haki ya kuburudika baada ya jasho lake. Tunachokihoji ni chombo anachouziwa.

Wapo wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati wananchi wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya redio. Redio moja ilitosha watu wengi, na ikipiga kelele kupita kiasi wote walisikia, na mmoja wao aliinuka kuipunguza. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman yake ya kwanza, chombo hicho kilikuwa na matundu mawili ili wawili wasikilize pamoja. Leo kila mtu yu peke yake na sauti yake. Hapana jirani wa kumwambia apunguze. Ndiyo maana ubora wa chombo na busara ya mtumiaji vimekuwa kinga pekee iliyobaki.

Madhara yenyewe huja hivi. Ndani ya kila sikio mna chembe zipatazo 15,000 zenye vijinywele vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele nyingi huziua, na kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 katika juma zima. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu. Shirika hilo limekwisha kuonya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo hatarini kwa sababu ya usikilizaji usio salama.

Hedifoni duni humsukuma mtu kwenye hatari hiyo bila yeye kujua. Haikai vizuri sikioni, hivyo ngurumo ya basi au ya mashine ya mtumbwi hupenya. Sauti nzito haisikiki, maneno ya mwimbaji yanakwaruza, na msikilizaji huongeza sauti akidhani atapata muziki, kumbe anapata kelele. Iliyo bora huziba vema, nayo huonyesha kila ala hata sauti ikiwa ya chini. Lakini tusidanganyane: hata iliyo bora huumiza ikifunguliwa kupita kiasi. Isizidi asilimia 60 ya uwezo wa chombo, na sikio lipewe mapumziko.

Basi mnunuzi afanyeje? Kwanza, ajaribu kabla ya kulipa, kwa wimbo anaoujua vizuri na kwa sauti ya wastani. Je, maneno yanasikika? Je, upande wa kulia na wa kushoto unalingana? Pili, atazame waya pale unapoungana na kichomeo, kwa maana ndipo unapokatika kwanza. Tatu, asitishwe na tarakimu. Maandishi ya hezi 20 hadi 20,000 huchapwa hata juu ya kifuko cha bandia. Kwa simu na redio ndogo, hedifoni ya omu 16 hadi 32 hufaa. Nne, adai risiti, kwa sababu asiye na risiti hana pa kurudisha. Tano, aendeshaye pikipiki au baiskeli asivae kabisa awapo barabarani. Honi ya lori haingoji wimbo uishe.

Kwa viongozi tunasema hivi. Shirika la Viwango lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Tume ya Ushindani kwa sheria ya mwaka 2003. Vyombo tunavyo, na sheria dhidi ya bidhaa bandia tunazo. Si haki nguvu za dola ziishie kumnyang'anya mchuuzi kijana fungu lake la hedifoni ishirini, naye ameazima mtaji, hali aliyeingiza makasha kwa maelfu anakaa raha mstarehe. Ukaguzi uanzie bandarini, mipakani na katika maghala ya jumla. Maafisa wa afya wa wilaya nao wasiiache tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, ipite kama siku nyingine. Wapime masikio ya wanafunzi, maana mtoto asiyesikia mwalimu huitwa mjinga kabla hajaitwa mgonjwa. Tena redio iliyofundisha taifa mwaka 1973 inaweza kufundisha tena.

Wazazi nao hawana udhuru. Uziwi wa namna hii huja polepole. Huanza kwa mlio sikioni usiku, kisha kijana huanza kuuliza 'umesemaje?' kila mara, na mwisho huacha kuuliza. Anayeona dalili hizo kwa mwanawe ampeleke hospitali mapema. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini masikio ya vijana wetu bado hayajafa. Senti chache anazookoa kijana leo sokoni zisije zikamgharimu sauti ya mama yake kesho.