Vipimo vya maji ya mito visifungiwe ofisini

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona halijapewa uzito unaostahili. Jambo lenyewe ni kupima uchafu wa maji na hewa, na hasa kuwaambia wananchi kile kilichopimwa.

Wako wenzetu ambao wakisikia habari za mitambo ya kupima hewa na maji husema kuwa hayo ni mambo ya Ulaya. Ni kweli Ulaya wametangulia. Shirika la Mazingira la Ulaya, lenye makao yake Copenhagen, Denmark, lilianza kazi mwaka 1994, na tangu mwaka 2017 linakusanya vipimo vya hewa kutoka vituo zaidi ya 2,000 na kuvionyesha katika tovuti kwa rangi. Mzazi wa Lisbon au Warsaw huangalia simu yake asubuhi akajua kama hewa ya mtaani kwake inamfaa mtoto mwenye pumu. Mwaka huo huo wa 2017, mwezi Oktoba, ilirushwa setilaiti iitwayo Sentinel-5P ya kupima gesi chafu kutoka angani. Setilaiti hiyo haizunguki Ulaya peke yake. Hupita juu ya dunia nzima, na Mpanda imo. Kwa hiyo moshi wetu unapimwa tayari, ila sisi tunaouvuta ndio hatupati habari zake.

Lakini Ulaya hawakufika hapo kwa sababu ya utajiri tu. Walifundishwa na maafa. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la madawa la kampuni ya Sandoz liliungua karibu na mji wa Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yalibeba tani nyingi za sumu, zikiwamo zenye zebaki, hadi katika mto Rhine. Samaki walikufa kwa mamia ya kilometa kuelekea Ujerumani na Uholanzi, na miji ya chini ikafunga mabomba yaliyovuta maji ya mto. Malalamiko makubwa ya wananchi yalikuwa kwamba habari zilichelewa kuwafikia. Mwaka uliofuata nchi za bonde hilo zilikubaliana mpango wa pamoja wa kuusafisha mto na kuimarisha utaratibu wa kupeana tahadhari.

Hata hivyo mitambo peke yake haitoshi. Mwaka 2022, mwezi Agosti, samaki walikufa kwa wingi katika mto Oder ulio mpakani mwa Polandi na Ujerumani. Baadaye wataalamu wa Umoja wa Ulaya walikadiria kuwa walikufa tani 360 hivi, na kwamba waliuawa na sumu ya mwani uliostawi kwa sababu maji yalikuwa yamejaa chumvi. Kituo cha kupimia maji katika mji wa Frankfurt ulio ukingoni mwa mto huo kiliona mabadiliko, lakini Wajerumani walilalamika kuwa hawakuwa wameambiwa mapema kwamba samaki walikuwa wakifa upande wa juu tangu Julai. Basi, hata penye mashine na kompyuta za kila namna, mtu wa chini ya mto aliachwa gizani kwa sababu wa juu hakumpasha habari.

Ndugu Mhariri, tusicheke ya wenzetu. Hapa kwetu, mwezi Machi 2022, maji ya Mto Mara yaligeuka rangi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati, nayo ikatoa taarifa kuwa chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuamini, na suala hilo likafika hadi Bungeni. Sina nia ya kurudia ubishi ule, na wala mimi si mkemia. Ninachosema ni kwamba kama vipimo vya mto ule vingekuwa vinabandikwa hadharani wiki kwa wiki, kwa miaka kadhaa kabla ya tukio, ubishi ungekuwa mfupi. Mtu yeyote angeweza kuona siku gani maji yalianza kubadilika na yalibadilika namna gani. Pasipo vipimo vinavyojulikana, hata mtaalamu mwaminifu akisema kweli haaminiki.

Sasa nije Katavi. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Mto Katuma ndio uti wa mgongo wa sehemu kubwa ya nchi hii. Unamwagilia mashamba ya mpunga, unaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na maji yake huendelea kwa njia ya Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Kila kiangazi maji hupungua mno, hata viboko wa hifadhini hujazana katika madimbwi ya tope. Wengi huona hapo shida ya uhaba wa maji tu. Lakini kijiko cha chumvi katika ndoo na kijiko hicho hicho katika kikombe havina ladha moja. Maji yakipungua, uchafu ule ule huwa mkali zaidi.

Jambo la pili ni kwamba Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa kukauka na jua, na kilichokuja na maji hubaki. Kwa upande wa magharibi mkoa wetu unafika Ziwa Tanganyika, ambako mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Ziwa hilo tunalishiriki na Burundi, Kongo na Zambia, na nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa kulilinda mwaka 2003. Watu wa Rhine walipata bahati ya mto unaokwenda baharini. Sisi tunaishi kando ya maziwa yanayohifadhi kila tunachoyatupia.

Nasi tunavyo vya kutupa. Mpanda ni nchi ya madini tangu zamani. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa hapa enzi za ukoloni. Leo dhahabu inachimbwa Dirifu, Ibindi, Isulamilomo na kwingineko. Mawe husagwa kwenye makarasha, unga huoshwa mwaloni, dhahabu hushikwa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa ikaenda na hewa. Inayobaki katika marudio husubiri mvua. Ikifika katika matope ya mto, vijidudu huibadilisha ikawa sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki wadogo, kisha kwa kambale anayewala wadogo, kisha kwa mama mjamzito anayemla kambale. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, maana sumu hiyo hushambulia ubongo unaoumbika. Dunia ilijifunza hayo kwa wavuvi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo uligunduliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hapa ndipo kazi yangu ya ualimu inaponigusa. Darasani tunawafundisha watoto kuwa maji safi hayana rangi, harufu wala ladha, na kwamba yakichemshwa vijidudu hufa. Somo hilo ni la kweli na limeokoa maisha ya watu wengi. Lakini zebaki iliyomo majini haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Mtoto wa darasa la tano akiniuliza kama maji ya mto wa kijiji chake ni salama, siwezi kumjibu kwa kuyatazama. Anayeweza kumjibu ni mtu aliyeyapima, na jibu hilo haliko katika ubao wa matangazo wa kijiji chochote ninachokifahamu.

Kwa hiyo naomba kutoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, viwekwe vipimo vya kudumu katika mto Katuma, angalau juu ya machimbo, chini ya machimbo, na kabla mto haujaingia hifadhini. Siku hizi viko vifaa vinavyotumia mwanga wa jua, vinavyopima uchachu wa maji, tope, chumvi na oksijeni, na kupeleka takwimu kwa mtandao wa simu bila mtu kwenda. Zebaki haipimwi kirahisi namna hiyo. Kwa zebaki ni lazima sampuli za matope na samaki zipelekwe maabara mara kwa mara. Tusidanganywe na muuza mashine yeyote kuwa kifaa kimoja kinamaliza kila kitu.

Pili, matokeo yasiishie kwenye kompyuta za ofisi za mabonde. Ofisi ya Bonde la Ziwa Rukwa iko Mbeya na ya Ziwa Tanganyika iko Kigoma. Mkulima wa Katavi hawezi kusafiri huko kuuliza habari za kisima chake. Matokeo yaletwe kwa ujumbe wa simu kwa mtendaji wa kijiji, mganga wa zahanati na mwalimu mkuu, yabandikwe ubaoni kwa Kiswahili chepesi, na yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Hilo si ombi la hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inatambua haki ya mwananchi kupata habari za mazingira yake.

Tatu, uwekwe utaratibu kwamba kipimo kikionyesha hatari, wa kwanza kuambiwa ni watu walio chini ya mto, siku hiyo hiyo, kabla ya kamati yoyote kukaa. Sababu itafutwe baadaye.

Nne, shule zishirikishwe. Shule nyingi zimewahi kutunza kipima mvua na kuandika takwimu zake. Vijana wanaoweza kusoma milimita za mvua wanaweza pia kusoma kipimo rahisi cha maji. Tena hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kupitia mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kimetengeneza vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto la kwetu, na vingine hufungwa kwenye bodaboda. Vifaa vya namna hiyo vingetufaa katika mabani ya tumbaku na katika majiko yetu ya kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Itafaa tupime moshi jikoni leo, ili mwaka huo tujue mapafu ya mama zetu yamepata nafuu kiasi gani.

Najua wako watakaosema kuwa vipimo vitawafukuza wachimbaji wadogo na kuwanyima watu riziki. Wachimbaji hao ni wazazi wa wanafunzi wangu, na ada na madaftari ya wengi hutoka mwaloni. Siombi machimbo yafungwe. Lakini anayevuta mvuke wa zebaki wa kwanza ni mchimbaji mwenyewe, kisha mkewe na watoto kama anachomea nyumbani. Kipimo ndicho kitakachoonyesha kwamba mwalo huu uhamishwe mbali na kijito, au kwamba wachomaji wa hapa wapewe vifaa vya kunasa mvuke. Bila kipimo, siku watu watakapougua, lawama itawaangukia wote, mwenye hatia na asiye na hatia.

Wengine watasema takwimu zitaleta taharuki kwa wananchi. Mimi naona taharuki huletwa na kutokujua. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakajadili magonjwa yanayotokana na maji na uchafu, kisha wakaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Hawakutaharuki. Redio ndiyo ilikuwa teknolojia ya habari ya wakati ule, nayo ilifaa kwa sababu habari ilifika kijijini na watu wakapewa nafasi ya kuijadili. Simu zilizomo mifukoni mwetu leo zinaweza kufanya zaidi ya hapo, kama wenye takwimu watakubali kuzitoa.

Mwisho, natoa wito kwa Wizara zinazohusika na maji, mazingira na madini, pamoja na uongozi wa mkoa wetu, walifikirie jambo hili kabla ya kiangazi kijacho, wakati maji ya Katuma yatakapokuwa machache na makali. Wasiopenda kuziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa zebaki katika ziwa lisilo na mto unaotoka sijui utajengwa na nani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpanda, Katavi.