Msilivute, Msiliwashe Ovyo: Tahadhari kwa Wenye Magari ya Zamani Kibera na Kawangware

Wenye magari ya zamani wa Kibera na Kawangware, pamoja na mafundi mnaoyashughulikia, sikilizeni kabla wikendi haijafika. Acheni kuvuta magari haya kwa kamba kwenye Kibera Drive, Naivasha Road na vichochoro vinavyoingia humo. Acheni pia kuyawasha kila asubuhi kwa dakika tano kisha kuyazima. Tabia ya kwanza itaua mtu. Ya pili inaua injini polepole, na mahali pengine inaweza kuwaua waliolala chumba cha pili.

Nalisema leo kwa sababu msimu umefika. Maonyesho ya magari ya Concours d'Elegance kwa kawaida hufanyika Septemba katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, jirani kabisa na Kibera. Kabla ya siku hiyo, Peugeot 404 na 504, Datsun 1200, Volkswagen Beetle na Land Rover za zamani hutolewa mafichoni na kupelekwa kwa mafundi wa Dagoretti Corner, Kawangware na Kibera kunyooshwa bodi, kupigwa rangi na kusafishwa kabureta. Hata magari yasiyokwenda kwenye maonyesho hufufuliwa wakati huu, maana mwenye nalo akiona la mwenzake linang'aa, naye anataka lake litembee.

Katika gereji kuna neno linalopita mdomo hadi mdomo: safari fupi huharibu injini ya zamani. Neno hilo ni la kweli. Hatari iko kwenye hitimisho ambalo wengi wamelitoa humo, kwamba basi ni heri gari livutwe kwa kamba hadi kwa fundi, injini ipumzike. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Simama pale Olympic jioni, watu wanapotoka kazini na watoto wanaporudi kutoka shuleni. Pikapu inapita polepole. Nyuma yake, mita tatu au nne hivi, kuna 504 iliyozimwa. Anayetaka kuvuka barabara anaona nafasi kati ya magari mawili na kuingia. Kamba haioni, kwa kuwa imechafuka ikafanana na lami, tena imelegea hadi karibu na ardhi. Dereva wa pikapu anakanyaga mafuta. Kamba inakazika ghafla na kuinuka hadi magotini mwa mtu mzima. Kwa mtoto, hapo ni tumboni au kifuani. Mwenye boda boda aliyezoea kujipenyeza kila penye upenyo naye ataingia papo hapo, akiwa na abiria mgongoni.

Gari la nyuma halina uwezo wa kumwokoa yeyote. Busta ya breki hutegemea injini inayonguruma. Injini ikiwa imezimwa, ukikanyaga breki mara moja au mbili nguvu zake zimekwisha, na pedali inabaki ngumu. Magari ya zamani zaidi hayana busta, lakini yakikaa miaka bila kutembea, mipira iliyo ndani ya silinda za breki hukauka na kuvuja. Na dereva akisahau akatoa ufunguo, magari mengi ya miaka ya 1970 yatafunga usukani katikati ya mwendo.

Kuna pia kamba yenyewe. Kamba ya nailoni huvutika sana kabla haijakatika, na ikikatika hurudi kwa nguvu zote ilizokusanya, pengine pamoja na kipande cha chuma ilichofungiwa. Bampa ya kromu haikuundwa kuvutia gari. Chesisi iliyokula kutu huonekana nzima chini ya rangi mpya hadi siku inapong'oka. Muuza mboga aliyeketi ukingoni mwa barabara hana pa kukimbilia.

Hata kama hakuna atakayeumia, gari lenyewe halijalindwa. Lenye gia otomatiki huzungusha mafuta ya giaboksi kwa pampu inayoendeshwa na injini. Ukilivuta likiwa limezimwa, magurudumu ya nyuma yanazungusha propela shafti na vyuma vya ndani ya giaboksi bila mafuta kufika. Hilo linaweza kuunguza giaboksi ambayo huipati tena kwa bei ya kawaida. Gia za mkono nazo hazijasalimika kabisa: katika giaboksi nyingi za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia za chini zinazorusha mafuta juu hazizunguki injini ikiwa imezimwa na gari liko huru.

Sasa turudi kwenye lile neno la kweli, ili lieleweke sawasawa. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, katika hali ya mvuke. Injini ikiwa moto, mvuke huo hutoka karibu wote kwa bomba la moshi. Ikiwa baridi, unageuka maji ndani ya sailensa na kuanza kuila kutu kutoka ndani. Mwingine hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Wakati huohuo umevuta choki, kwa hiyo petroli nyingi inaingia kwenye silinda, inaosha utando wa oili ukutani, na ringi zinakwaruza chuma kikavu. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, hewa ni nyepesi. Gari lililorekebishwa kabureta Mombasa likiletwa hapa hunywa petroli kupita kiasi, na madhara haya huongezeka.

Kipimo cha joto kwenye dashibodi kisikudanganye. Hicho hupima maji ya rejeta, ambayo hupata moto mapema. Oili huchelewa sana. Mara nyingi huhitaji dakika 20 au zaidi za kutembea barabarani ndipo ipate joto la kufukuza unyevu. Kutoka Makina hadi Adams na kurudi hufiki huko. Kunguruma ukiwa umesimama uani ndiko kubaya zaidi, kwani injini haibebi mzigo, na gari la zamani lenye dainamo halichaji betri kwa kiasi cha maana likiwa katika mwendo huo. Unadhani umeiamsha betri, kumbe umeimaliza.

Fungua kifuniko cha oili sasa hivi uangalie upande wa ndani. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa, mzito kama uji uliopoa, maji yamo kwenye oili. Badilisha oili na filta wiki hii, kisha litembeze gari mbali. Utando ukirudi baada ya safari ndefu, au maji ya rejeta yakipungua, huenda gasketi ya silinda hedi imepasuka. Usiliendeshe tena hadi fundi alikague.

Hatari kubwa kuliko zote kwenye tabia ya kuwasha asubuhi iko kwa majirani. Magari mengi huku huwekwa kwenye vibanda vya mabati vinavyopakana na vyumba vya watu, na kati ya kibanda na chumba kuna bati moja tu lenye matundu ya misumari. Moshi wa injini baridi iliyovutwa choki una kaboni monoksidi nyingi, sumu ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa. Haina rangi wala harufu, na aliye usingizini haamki kuikimbia. Usiwashe gari ndani ya kibanda hata kwa dakika moja. Lisukumeni nje kwanza, bomba la moshi lielekee mahali pa wazi.

La kufanya ni hili. Gari linalowaka na lenye breki nzima, liendeshe, lakini liendeshe mbali. Mara moja au mbili kwa mwezi, shika Southern Bypass kuelekea Kikuyu na urudi, au utoke Kawangware kwa Naivasha Road, uingie Waiyaki Way upande hadi Limuru. Magari haya hayaogopi masafa. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, na 504 ikashinda mwaka 1975, kwa maelfu ya kilomita za vumbi na tope.

Gari ambalo huna nafasi ya kulitembeza, lisiwashwe kabisa. Chomoa betri, uichaji kwa chaja, liinue kwa stendi imara matairi yasiharibike, na ubadilishe oili hata kama halijatembea.

Gari lisilowaka, au usiloamini breki zake, libebwe juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa hewani. Kama ni la brekidauni inayoinua upande mmoja, magurudumu yanayosukuma gari ndiyo yainuliwe, ama propela shafti ifunguliwe. Kama gharama ni nzito, subirini mpate gari la pili linaloelekea kwa fundi huyohuyo, mchangiane lori. Ukikwama katikati ya barabara, sukumeni kwa mikono hadi kando, ufunguo ukiwa ndani na mtu kwenye usukani, kisha mngoje lori hapo.

Mafundi, neno la mwisho ni lenu, maana mteja huwasikiliza ninyi kuliko mtu yeyote. Mtu akikupigia simu kwamba analileta gari kwa kamba, mwambie hulipokei. Mpe namba ya mwenye lori unayemwamini. Ukipoteza kazi moja leo, umemwepusha mteja wako na kifo cha mtoto wa mtu, na ninyi wa magereji mengine mtaani mkikataa kwa sauti moja, hatapata pa kulipeleka ila juu ya lori.