Ngitili zinateketea, viongozi wako kikaoni

Mhariri,

Nimechoka kunyamaza.

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, upepo ukitimua vumbi hapa Isaka, mtu mmoja aliwasha moto shambani kuchoma masalia ya pamba. Haukupita muda ukaingia kwenye ngitili yangu. Tulikimbilia na matawi mabichi na madumu ya maji tuliyowatekea ng'ombe. Tukizima huku, unawaka kule. Mavi makavu ya ng'ombe yalishika moto, upepo ukayabingirisha yakiwa mekundu kama kaa, na kila yalipotua nyasi ziliwaka upya. Watoto waliswaga ndama kuelekea barabarani huku wakikohoa. Nikampigia simu kiongozi wa eneo letu. Akanijibu yuko kikaoni, atanirudia. Mpaka naandika barua hii hajanirudia.

Kwa wasioijua ngitili, ni malisho tunayoyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kinapokolea. Ndiyo akiba ya mfugaji. Mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ulioanza mwaka 1986 ulihangaika kuzifufua Shinyanga nzima, mkoa ulipokuwa unageuka jangwa. Leo yangu ni majivu, na mvua bado sana. Ng'ombe wangu watakula nini mpaka Novemba?

Tunaambiwa masalia ya pamba yawe yameng'olewa na kuchomwa kabla ya Septemba 15. Sawa, wadudu wanajificha humo. Lakini hicho ndicho kipindi nyasi zimekauka na upepo ni mkali. Nani amekuja kutuelekeza kwamba tuchome alfajiri upepo ukiwa umetulia, tufyeke na kulima ukanda kuzunguka shamba mpaka udongo ubaki mtupu, tuwaarifu majirani, na mtu asibanduke mpaka majivu yapoe? Hakuna. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 tunaisikia mikutanoni mali ikishaungua, tena kwa kutishiwa faini.

Wachoma mkaa na warina asali nao wanaacha mienge porini kana kwamba pori halina mwenyewe.

Halafu kuna hili la malori. Isaka ni bandari kavu, magari ya Rwanda na Burundi yanapita hapa usiku na mchana, yakiwemo ya mafuta. Nimeona kwa macho yangu jiko la mkaa linapulizwa pembeni ya lori la mafuta, na upepo huu huu. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa lori moja tu la mafuta lililolipuka. Tumeshasahau?

Wanasiasa wao tunawaona siku ya kupanda miti. Wanapigwa picha wameshika mche, wanaondoka na msafara. Kiangazi hakuna anayeuliza mche ule uliungua au ulikauka.

Ninachotaka ni kwamba gari la zimamoto liwekwe karibu na sisi, si mpaka litoke mbali likute majivu. Na kila kijiji kipange siku na saa za kuchoma mashamba, sungusungu wasimamie. Wanakesha wakilinda ng'ombe wasiibwe, hata malisho ya ng'ombe hao wanaweza kuyalinda, mradi uongozi uwaite kabla ya Septemba nyingine.

Mfugaji,
Isaka, Shinyanga