Mafunzo ya vitendo yamepungua: mwanafunzi wa usanifu wa michoro atapata wapi uzoefu?

Soma tangazo lolote la kazi ya usanifu wa michoro hapa Uganda, utakuta sharti lile lile: uzoefu wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wewe unayesomea fani hii ukiwa Nakivale, au katika kijiji jirani cha wenyeji wilayani Isingiro, sharti hilo lilikuwa na njia yake. Ulimaliza kozi, ukaomba miezi michache ya mafunzo ya vitendo katika shirika, ukachora mabango na vipeperushi, ukaondoka na barua mkononi. Njia hiyo sasa imekuwa nyembamba.

Sababu unazijua. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwanzoni mwa Mei mwaka huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kwamba watu milioni 1 nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula. Chakula kikipungua kiasi hicho, bajeti ya mabango haiwezi kusalimika, wala haifai isalimike. Lakini pamoja na mabango imeondoka pia nafasi ya mwanafunzi aliyekuwa akiyachora.

Sheria haikuzuii. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa na kujiajiri. Kinachokosekana ni mahali pa kujifunzia kazi, na kwa maoni yangu mahali hapo pako karibu kuliko wengi wanavyodhani: duka la kuchapa, lile linalotoa kopi, picha za pasipoti na kadi za harusi.

Wanafunzi wengi hulidharau duka hilo kwa kuwa halina kiyoyozi wala beji ya kuvaa shingoni. Hata hivyo ndipo utakapoona kazi yako ikitoka kwenye kioo na kuingia kwenye karatasi. Bluu uliyoipenda kwenye kompyuta itatoka imefifia, kwa sababu kioo huchanganya rangi kwa mwanga na mashine huchanganya kwa wino. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp itatoka na ukungu kwenye bango la mita tatu, kwa sababu WhatsApp huibana picha. Mwambie mteja aitume kama faili, si kama picha. Maandishi yaliyo ukingoni yatakatwa na kisu kama hukuacha nafasi ya milimita chache. Darasani haya huelezwa kwa nusu saa. Dukani unayajua siku mteja anapokataa kulipa.

Kompyuta isiyo na programu za kulipia si kisingizio. GIMP na Inkscape ni za bure na hufanya kazi bila intaneti. Canva ina sehemu ya bure, ila inakula bando.

Kuna jambo moja unalolimiliki ambalo msanifu wa Kampala hana: lugha za hapa. Ebola ilipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, ujumbe wa afya ulihitajika haraka kwa watu wasiosoma Kiingereza. Bango la Nakivale linaweza kuhitaji Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kifaransa na Kinyankore, na wakati mwingine Kitigrinya au Kiamhari, ambazo zina herufi zake zenyewe na zinadai fonti zake. Nimepokea mabango kutoka mjini ambayo neno la Kiswahili limekatwa katikati ya silabi kwa sababu aliyelipanga hakujua lilikuwa likisema nini. Mwanafunzi wa hapa angeliona kosa hilo kabla wino haujakauka. Basi unapoonyesha kazi zako, usianze na nembo za kampuni za kubuni. Anza na bango moja la lugha tatu linalosomeka ukiwa upande wa pili wa barabara.

Sasa upande wa hatari, ambao hausemwi vya kutosha. Barabara ya Nasser mjini Kampala inajulikana kwa mambo mawili: uchapaji wa haraka na karatasi za kughushi. Maombi ya aina ya pili yatakufikia hata huku. Mtu atakuja na cheti cha shule akitaka jina libadilishwe, au na barua ya usajili wa familia akitaka mtoto mmoja aongezwe. Atasema ni dakika tano tu, na atalipa zaidi ya kadi ya harusi. Pengine shida yake ni ya kweli kabisa. Lakini kughushi ni kosa la jinai, na faili hubaki kwenye kompyuta uliyoifungua wewe. Anayehitaji karatasi irekebishwe aende Ofisi ya Waziri Mkuu au kwenye dawati la ulinzi, mwelekeze huko. Kama mwenye duka anakulazimisha, tafuta duka jingine, hata kama uzoefu wako utachelewa.

Kuhusu malipo: wiki chache za kujifunza bila mshahara zinaeleweka. Kazi yako ikianza kuuzwa kwa wateja, dai sehemu yako, na mkubaliane kiasi mapema. Hili linawahusu pia mashirika yetu. Kumwita kijana "mtu wa kujitolea" mwaka mzima huku akichora kila ripoti si mafunzo. Na pale bajeti ndogo ya uchapaji inapobaki, sioni kwa nini ipelekwe yote Kampala ilhali mkimbizi na mwenyeji wamesoma fani hiyo darasa moja.

Kazi za mtandaoni zipo, ila majukwaa mengi huomba pasipoti au kitambulisho cha taifa kabla ya kukulipa, na kadi ya mkimbizi mara nyingi hukataliwa. Uliza kanuni za jukwaa kabla ya kuanza kazi, usiulize baada ya kuikabidhi.

Na unapoondoka dukani, usiridhike na barua inayosema ulikuwa kijana mwenye bidii. Omba iandikwe tarehe, programu ulizotumia, aina ya kazi ulizochapa na namba ya simu ya mwenye duka. Uliza pia, kabla ya kuondoka, kama atapokea simu hiyo ikipigwa.